Kuchambua Juri: Jinsi Mawakili wa Marekani Wanavyowahoji na Kuwaondoa Wanajuri

Anayechagua mchele kwenye ungo hatafuti punje nzuri. Anatafuta mawe, chuya na wadudu, na kinachobaki baada ya mkono kupita ndicho kinachoingia chunguni. Neno "kuchagua" linapotumika kwa juri la Marekani, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, lieleweke kwa maana hiyo hiyo, kwa sababu wakili hana mamlaka ya kumkalisha mtu yeyote kwenye kiti cha mwanajuri. Ana mamlaka ya kuondoa tu. Anayeingia mahakamani akiwatafuta watu watakaompenda yeye na mteja wake hupoteza muda mchache aliopewa, na pia humwonyesha mpinzani wake, bila malipo, ni nani wa kumwondoa.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo tangu wakili anapopokea orodha ya majina hadi wanajuri wanapoapishwa. Unaweza kumfaa mwanafunzi wa sheria, mkalimani wa mahakamani, na hata Mswahili aliyepata uraia wa Marekani ambaye siku moja hufungua sanduku la barua akakuta ameitwa na mahakama. Nitamwandikia msomaji kana kwamba yeye ndiye aliyeketi kwenye meza ya utetezi, kwa kuwa kutoka kwenye meza hiyo mambo yote huonekana vizuri zaidi.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Redio zetu huliita juri "baraza la wazee wa mahakama", jina ambalo linaweza kumpotosha msikilizaji wa Afrika Mashariki. Wazee wa baraza wa Tanzania humpa jaji maoni na jaji hafungwi nayo, na Kenya iliwaondoa kabisa mwaka 2007. Wanajuri wa Marekani ndio wanaoamua ukweli wa kesi, na tangu uamuzi wa Ramos dhidi ya Louisiana wa mwaka 2020 hakuna juri la nchi hiyo linaloweza kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa la jinai bila wanajuri wote kukubaliana. Kenya ya kikoloni iliwahi kuwa na juri la namna hiyo, lakini lilikuwa la Wazungu wakiwahukumu Wazungu. Ndilo lililomwachia huru Sir Jock Delves Broughton, Mwingereza aliyeshtakiwa kwa mauaji, jijini Nairobi mwaka 1941. Katika mwongozo huu, watu walioitikia wito lakini hawajaapishwa nitawaita "waitwa", kuhojiwa kwao nitakuita "usaili", pingamizi ambalo ni lazima lielezwe sababu nitaliita "pingamizi la sababu", na lile ambalo wakili hulitoa bila kudaiwa maelezo nitaliita "pingamizi huru".

Hatua ya kwanza: fahamu kanuni za chumba unachoingia

Marekani haina utaratibu mmoja. Mahakama za shirikisho zina kanuni zao, kila jimbo lina zake, na juu ya hayo kila jaji ana mazoea yake ambayo hayakuandikwa popote. Kabla ya kuwaza swali hata moja, mpigie simu karani wa jaji umuulize wanajuri ni wangapi, kila upande una mapingamizi huru mangapi, ni nani anayeuliza maswali, na mapingamizi hutolewa kwa mpangilio gani.

Katika mahakama za shirikisho, juri la kesi ya jinai huwa na watu 12. Kosa likiwa kubwa, yaani lenye adhabu ya kifungo kinachozidi mwaka mmoja, serikali hupewa mapingamizi huru 6 na utetezi 10. Kosa likiwa dogo kila upande hupata 3. Na serikali inapoomba adhabu ya kifo kila upande hupata 20. Kesi ya madai huwa na wanajuri kati ya 6 na 12, na kila upande hupata mapingamizi huru 3. Mapingamizi ya sababu hayana kikomo popote. Mwitwa mwenyewe lazima awe raia aliyetimiza miaka 18, aliyeishi katika wilaya ya mahakama hiyo kwa mwaka mmoja, na anayemudu Kiingereza cha kusoma, kuandika na kuzungumza.

Swali la nani anauliza ni zito kuliko linavyoonekana. Majaji wengi wa shirikisho huuliza wao wenyewe na kuwaachia mawakili dakika chache, au huwataka waandike maswali yao mapema ili jaji ayasome kwa sauti yake. Katika mahakama za majimbo mengi, Texas ikiwemo, mawakili huuliza moja kwa moja. Ukiwa mbele ya jaji anayeuliza peke yake, kazi yako yote iko kwenye karatasi ya maswali utakayowasilisha kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo usiiandike usiku wa kuamkia kesi.

Mpangilio wa mapingamizi nao una mitindo miwili mikuu. Katika mtindo wa kwanza, watu 12 huitwa kwenye viti vya juri, huhojiwa, na kila anayeondolewa nafasi yake hujazwa na mwitwa mwingine kutoka benchi la nyuma. Hapo hujui ni nani anayefuata, na kanuni ya wazoefu ni kutolitumia pingamizi lako la mwisho mapema, maana unaweza kumwondoa mtu mbaya akaja mbaya zaidi huku mkono wako ukiwa mtupu. Katika mtindo wa pili, kundi zima huhojiwa kwanza, mapingamizi ya sababu huamuliwa, ndipo pande zote huandika namba za wanaotaka waondoke. Hapo hesabu inawezekana. Kwa kosa kubwa la shirikisho, 12 wa kubaki, 6 wa serikali na 10 wa utetezi ni 28. Kwa hiyo waitwa 28 wa mwanzo waliovuka mapingamizi ya sababu ndio wanaoweza kuufikia mlango wa juri, na mtu wa namba 35 hafai kukupotezea dakika mbili, isipokuwa wengi walio mbele yake watolewe kwa sababu.

Hatua ya pili: ijue kesi kabla ya kuwajua watu

Tuchukue kesi ya kubuni. Mteja wako ameshtakiwa kwa wizi wa kutumia nguvu katika duka la usiku. Kamera haikunasa sura. Ushahidi mkubwa ni wa askari mmoja anayesema alimwona akikimbia kutoka upande wa duka, na mteja wako, ambaye aliwahi kutiwa hatiani zamani, hatapanda kizimbani kutoa ushahidi.

Andika kwenye karatasi moja ni imani zipi, mwanajuri akija nazo kutoka nyumbani, zinazoweza kukumaliza kabla hujafungua kinywa. Hapa ziko tatu: kwamba askari hana sababu ya kusema uongo, kwamba asiye na hatia hukimbilia kujieleza, na kwamba anayekimbia ana la kuficha. Hayo ndiyo mawe unayoyatafuta kwenye ungo huu. Kesi nyingine ina mawe mengine, na ndiyo maana orodha za maswali zinazorithishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, za kuuliza mtu anasoma gazeti gani na anashabikia timu gani, huwa hazina faida kubwa.

Ikiwa jaji anaruhusu dodoso la maandishi, liombe, hasa kama kesi inagusa mambo ambayo watu huona haya kuyasema mbele ya wageni. Kurasa za mitandao ya kijamii zilizo wazi kwa umma unaruhusiwa kuzitazama. Maoni rasmi namba 466 ya Chama cha Wanasheria cha Marekani, ya mwaka 2014, yanakataza kumtumia mwitwa ombi la urafiki au kumwandikia kwa namna yoyote, na katazo hilo linamhusu pia msaidizi unayemtuma afanye hivyo kwa niaba yako. Kisha chora ramani ya viti, kisanduku kwa kila mwitwa, yenye nafasi ya kutosha kuandika maneno aliyoyasema yeye mwenyewe. Mpe mwenzako kazi ya kuandika, kwani huwezi kumtazama mtu usoni na wakati huo huo ukaandika anachosema.

Hatua ya tatu: waache waseme

Hapa ndipo kesi nyingi hupotea, na hupotea kwa sababu wakili anapenda sauti yake. Swali la "Je, unaweza kuwa mwadilifu?" halina thamani yoyote. Hakuna mtu mzima atakayesimama mbele ya jaji aliyevaa joho, karani, askari wa mahakama na majirani zake 40, akasema kwamba yeye si mwadilifu. Uliza kuhusu yaliyomkuta na anayoyaamini, kwa swali lisilojibika kwa "ndiyo" au "hapana".

"Namba 9, kwenye dodoso umeandika kwamba kaka yako ni askari polisi. Tuambie, anapokusimulia kazi yake huwa anasema nini?"

Mama wa makamo anarekebisha miwani. "Husema watu wanamdanganya kutwa nzima. Huniambia, dada, mtu asiye na kosa hakimbii."

"Nashukuru kwa kutuambia hivyo wazi. Na wewe mwenyewe unalionaje?"

"Mimi naona kaka yangu anaijua kazi yake."

Wakili mchanga akisikia jibu hilo hushikwa na hofu kwamba sumu imemwagika na chumba kizima kimeinywa. Hujaribu kumbishia yule mama, au kumweleza dhana ya kutokuwa na hatia kama mwalimu wa darasa la nne, au kuruka haraka kwenda kwa namba 10. Njia zote tatu zinamfunga mdomo kila aliyekuwa anataka kusema kama yeye. Watu hao wapo chumbani tayari, na imani yao haikuletwa na jibu la namba 9. Lililobaki ni kama utawajua sasa au utawajua hukumu itakaposomwa. Kwa hiyo unashukuru, unageuka polepole kwa wengine, na unauliza: "Nani mwingine anaona kama namba 9?" Mikono mitatu inainuka. Mwenzako anaandika namba 3, 14 na 22. Dakika moja imekupa watu wanne, na wamejitaja wenyewe.

Kipimo cha namba nacho husaidia pale ambapo watu ni wazito wa kusema. Waulize kila mmoja, kuanzia 0 hadi 10, anakubaliana kiasi gani na usemi kwamba mshtakiwa asiye na hatia angepaswa kutoa ushahidi. Anayesema 8 amekuambia zaidi ya alivyokusudia, na swali linalofuata ni jepesi: "Kwa nini 8, isiwe 5?"

Upande wa pili wa shilingi ni wale wanaokufaa, na hapo nidhamu hugeuka. Mwitwa namba 6 akisema kwamba mdogo wake aliwahi kukamatwa kwa kufananishwa na mtu mwingine, usimkumbatie. Usimuulize maswali matano ya kumfurahia. Mwendesha mashtaka naye ana ramani ya viti, na kila neno zuri unalomchotea namba 6 ni mstari mwekundu kwenye karatasi yake. Tosheka na kujua, pita.

Wasiosema chochote wasisahaulike. Ukifika mwisho ukakuta visanduku vinne vitupu kwenye ramani, warudie kwa jina au namba, kwa upole, uwaulize walikuwa wanafikiri nini wenzao walipokuwa wakizungumza. Na jambo likiwa la aibu au la maumivu, kama mtu aliyewahi kuvamiwa nyumbani kwake, mwombe jaji amsikilize pembeni ya meza yake, mbali na masikio ya kundi. Mtu aliyelazimishwa kueleza msiba wake hadharani hukuchukia, na wanaomzunguka hukuchukia pamoja naye.

Hatua ya nne: pingamizi la sababu

Kwa kuwa pingamizi hili halina kikomo, kila mtu unayemwondoa kwa njia hii amekuokolea pingamizi huru moja. Lakini jaji hamtoi mtu kwa sababu wewe hupendi jibu lake. Anamtoa akiridhika kwamba mtu huyo ana uhusiano wa damu, kazi au fedha na upande mmoja, au ana msimamo unaomzuia kuifuata sheria. Kwa hiyo kilichosemwa kwa ulegevu lazima kikazwe, na kikazwe kwa maneno ya mwitwa mwenyewe yaliyoingia kwenye kumbukumbu za mahakama. Unarudi kwa yule mama.

"Kwa hiyo askari akisema hivi, na shahidi ambaye si askari akasema kinyume, askari anaanza mbele kidogo?"

"Nadhani, ndiyo."

"Na hilo halikuanza leo, umekuwa nalo siku nyingi?"

"Tangu kaka aanze kazi. Ni miaka 15 sasa."

"Jaji akikuelekeza uwapime mashahidi wote kwa mizani moja, utajitahidi, lakini huwezi kutuahidi kwamba hilo litakuwa limeondoka?"

"Siwezi kuahidi."

Nyamaza hapo. Swali moja zaidi linaweza kumrudisha nyuma. Na kuna mwingine anayesubiri kumrudisha: mwendesha mashtaka, au jaji mwenyewe, atamuuliza kama anaweza kuweka hisia kando na kufuata sheria, naye, kwa heshima ya joho, atajibu kwamba anaweza. Mapingamizi mengi ya sababu hufia kwenye jibu hilo. Ulinzi wako ni yale maneno "siwezi kuahidi", ambayo unamsomea jaji kama yalivyotamkwa, ukionyesha kwamba alipoulizwa bila kusukumwa alisema hivi, na alipoulizwa swali lenye jibu ndani yake ndipo akasema vile. Mara nyingi mabishano haya hufanyika waitwa wasisikie. Kama jaji hajasema hivyo, omba yafanyike hivyo.

Kesi za adhabu ya kifo zina hesabu yao. Witherspoon dhidi ya Illinois ya mwaka 1968 na Wainwright dhidi ya Witt ya mwaka 1985 ziliweka mpaka kwamba mtu haondolewi kwa kuichukia adhabu hiyo tu. Huondolewa pale maoni yake yanapomzuia au kumdhoofisha kwa kiasi kikubwa katika kutimiza kazi yake kwa mujibu wa sheria na kiapo. Matokeo yake ni kwamba juri linaloketi limekwisha kupunguziwa wapinzani wakubwa wa adhabu hiyo kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa, jambo ambalo mimi naliona kuwa doa, ingawa sheria imelikubali.

Jaji akikataa pingamizi lako, usikunje faili. Majimbo mengi yana masharti ya kuihifadhi hoja kwa ajili ya rufaa. Huko Texas, kwa mfano, unatakiwa utumie pingamizi huru kumwondoa mtu huyo, umalize yote uliyopewa, uombe la nyongeza ukanyimwe, kisha umtaje mtu mwingine usiyemtaka ambaye ameketi kwa sababu mkono wako umekwisha. Anayeruka sharti moja hana cha kulalamikia baadaye.

Hatua ya tano: tumia mapingamizi huru kwa hesabu

Wapange waliobaki kwa namba kuanzia 1 hadi 5, 1 akiwa mtu unayemhofia kabisa. Kisha mtazame kila mwenye 1 au 2 na ujiulize swali la pili, ambalo wengi hulisahau: je, huyu ataongoza au atafuata? Mstaafu aliyekuwa mkuu wa shule, anayemalizia sentensi za wenzake na ambaye wengine walimgeukia wakati wa mapumziko, akiwa dhidi yako anaweza kuwavuta wanne pamoja naye. Kijana mpole mwenye mawazo yale yale, anayejibu akitazama viatu vyake, huenda akafuata upepo. Pingamizi moja likibaki, mwondoe mkuu wa shule.

Tazama pia ni nani anayemkera mwendesha mashtaka kama anavyokukera wewe. Mtu aliyemkatiza jaji mara mbili na kulalamika kwamba mahakama yote ni upotevu wa muda hatapendwa na upande wowote, na mapingamizi yakitolewa kwa zamu kuna uwezekano mkubwa kwamba mpinzani wako atamwondoa kabla yako. Yakitolewa kwa siri, kwa wakati mmoja, bahati nasibu hiyo ni ya hatari zaidi. Na kumbuka kwamba katika kesi ya jinai utetezi unahitaji mmoja tu asiyeshawishika ili kuzuia hatia, ilhali serikali inawahitaji wote. Kwa hiyo mtu mkaidi anayefikiri peke yake ni tishio kwa upande mmoja kuliko mwingine.

Hatua ya sita: usimwondoe mtu kwa asili yake, na usikubali mpinzani wako afanye hivyo

Pingamizi huru liliitwa huru, na kwa muda mrefu uhuru huo ulitumika kusafisha majuri yasiwe na watu weusi. Mwaka 1965, katika Swain dhidi ya Alabama, Mahakama ya Juu ilidai ushahidi wa mazoea ya muda mrefu ambao karibu hakuna mshtakiwa aliyeweza kuupata. Ndipo ikaja kesi ya James Batson wa Louisville, Kentucky, ambaye mwendesha mashtaka aliwaondoa waitwa weusi wote wanne na kuacha juri la weupe watupu. Uamuzi wa mwaka 1986 ulivunja sharti la Swain na kuweka ngazi tatu zinazotumika hadi leo. Kwanza, anayelalamika huonyesha dalili kwamba rangi imetumika. Pili, aliyeondoa hutoa sababu isiyohusu rangi. Tatu, jaji huamua kama sababu hiyo ni ya kweli au ni kisingizio. Mwaka 1991 kanuni hiyo ilifikishwa kwenye kesi za madai, mwaka 1992 ikawafunga mawakili wa utetezi pia, na mwaka 1994, katika J.E.B. dhidi ya Alabama, jinsia ikaongezwa.

Ngazi ya pili ni nyepesi mno. Katika Purkett dhidi ya Elem ya mwaka 1995, sababu ya nywele ndefu na ndevu ilitosha kuvuka. Nguvu yote iko kwenye ngazi ya tatu, na chombo chake kikubwa ni ulinganisho: kama mwendesha mashtaka anasema amemwondoa mtu mweusi kwa sababu ana ndugu aliyefungwa, tafuta kwenye ramani yako mtu mweupe mwenye ndugu aliyefungwa ambaye hakuguswa. Lalamiko hilo litoe papo hapo, kabla kundi halijaruhusiwa kuondoka, na utaje namba zote mbili. Linganisha hata maswali. Katika kesi ya Curtis Flowers wa Mississippi, aliyeshtakiwa mara sita kwa mauaji yale yale, serikali iliwaondoa watu weusi 41 kati ya 42 iliyokuwa na nafasi ya kuwaondoa. Kwenye kesi ya sita waitwa weusi watano walioondolewa waliulizwa maswali 145, na weupe 11 walioketi waliulizwa 12. Mahakama ya Juu ilibatilisha hukumu mwaka 2019.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kesi moja inayomgusa karibu zaidi. Katika Hernandez dhidi ya New York ya mwaka 1991, mwendesha mashtaka aliwaondoa waitwa waliojua Kihispania, akieleza kwamba walisita walipoulizwa kama watalipokea neno la mkalimani rasmi badala ya lile walilolisikia kwa masikio yao, na Mahakama ikaikubali sababu hiyo. Mkongo au Mtanzania anayeitwa kwenye kesi yenye shahidi wa Kiswahili ajue kwamba swali hilo litamfikia. Sheria humtaka afuate ukalimani uliosomwa kwenye kumbukumbu, na akihisi mkalimani amekosea, amwarifu jaji kwa njia ya ofisa wa mahakama, asiwasahihishie wenzake ndani ya chumba cha mashauriano.

Majimbo kadhaa yamechoka na ulegevu wa Batson. Washington ilipitisha Kanuni ya 37 mwaka 2018, ambayo haidai nia mbaya ithibitishwe, na inazihesabu kuwa batili tangu mwanzo sababu kama kutowaamini polisi, kuishi mtaa wenye uhalifu mwingi, au kutokuwa mzawa wa lugha ya Kiingereza. California ilifuata kwa kesi za jinai kuanzia Januari 2022, na mwezi huo huo Arizona ikayafuta mapingamizi huru kabisa, kama Uingereza ilivyofanya kwa sheria ya mwaka 1988 na Kanada mwaka 2019. Ukifanya kazi Arizona, hatua ya tano ya mwongozo huu haikuhusu, na hatua ya nne ndiyo kazi yako yote.

Ukiwa wewe ndiye unayelalamikiwa, kinachokuokoa ni maandishi ya wakati ule ule: alisema nini, kwa maneno yapi, na nani mwingine aliyesema hivyo akaondolewa pia. "Hisia zangu tu" si jibu.

Hatua ya saba: kabla ya kusema "tumeridhika"

Karani atasoma namba za waliobaki. Usimsikilize kwa sikio moja huku ukikusanya karatasi. Weka kidole kwenye ramani, kisanduku baada ya kisanduku, kwa sababu 14 na 40 zinasikika karibu sawa kwa Kiingereza, na kosa la namba likigunduliwa baada ya kundi kwenda nyumbani halina dawa rahisi. Hakikisha pia waliowekwa kuwa wa akiba. Katika kesi ya jinai mahakama ya shirikisho inaweza kuongeza hadi 6, na kwa ajili yao kila upande hupewa mapingamizi huru ya ziada, machache, ambayo hayachanganyiki na yale ya mwanzo.

Kisha wanajuri husimama na kuapa. Kwa uamuzi wa Crist dhidi ya Bretz wa mwaka 1978, wakati huo ndipo kinga ya kutoshtakiwa mara mbili kwa kosa lile lile inapoanza kumlinda mteja wako, kwa hiyo andika saa na dakika. Ramani ya viti usiitupe. Timothy Foster alihukumiwa huko Georgia mwaka 1987. Nakala za karatasi za waendesha mashtaka, ambamo majina ya waitwa weusi yalipakwa rangi ya kijani na kuwekewa herufi B, zilipatikana miaka mingi baadaye kwa ombi la sheria ya kumbukumbu za umma, na ndizo zilizoifanya Mahakama ya Juu ibatilishe hukumu yake mwaka 2016.